Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti kwa wanachama, chama cha walimu wa biolojia Mbeya

Ndugu wanachama,

Najua wapo waliotoka Tukuyu na Chunya leo na swali moja tu: hadubini iko wapi? Hatukununua. Michango haikutosha hadubini nzuri, na ya bei nafuu tuliyoletewa kujaribu ilikuwa na lenzi yenye ukungu, tukairudisha. Badala yake kamati ilinunua zipu za majaketi pale soko la Mwanjelwa. Hesabu atazisoma mhazini.

Zipu zilikuwa za somo letu la mwaka: roboti za molekuli zinazotengenezwa kwa DNA, molekuli inayobeba urithi. Neno "roboti" lilitupotosha. Kikao cha kwanza mwenzetu mmoja aliuliza betri inakaa wapi. Hakuna betri wala chuma. Kuna nyuzi za DNA tu, zenye herufi nne zinazoshikana kama meno ya zipu: A na T, kisha G na C. Uzi mpya hudaka ncha iliyoachwa wazi, kisha hupanda ukimbandua mwenzake meno kwa meno. Hiyo ndiyo nguvu iliyofungua na kufunga koleo la DNA la Bernard Yurke na wenzake mwaka 2000. (Zipu yetu ya tatu ilikwama kila mara, lakini wanafunzi walielewa.) Roboti ya Caltech, chuo cha teknolojia cha California, ya mwaka 2017, ile ya kupanga mizigo ya molekuli, hupiga hatua ya nanomita 6 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa dakika 5 hivi. Ukiilinganisha nayo, lori la viazi likipanda mlima Kitonga ni ndege.

Lililotushika zaidi ni la kuchora ramani ya molekuli zilivyokaa. Hadubini ya kawaida ya mwanga, hata ile tusiyonunua, haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na unene wa DNA ni nanomita 2. Watafiti wa taasisi ya Wyss, Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2017 walipita njia nyingine: kila molekuli hufungiwa uzi wa DNA wenye herufi zilizo kama jina lake. Mbili zikiwa jirani, kimeng'enya hunakili majina yote mawili kwenye uzi mmoja, nakala hubanduka, na majirani hubaki tayari kunakiliwa tena. Fikirini Mwanjelwa umeme umekatika. Huoni kibanda hata kimoja, ila kila muuzaji akiandika kwenye karatasi jina lake na la anayemgusa bega, ukikusanya karatasi unachora soko zima gizani.

Mkifundisha, msiongeze chumvi. Walianza na maumbo ya DNA waliyoyajenga wenyewe maabara. Kuchora molekuli ndani ya seli ndilo lengo.

Mengine ni mafupi. Kikao cha Julai kilikuwa na watu wachache, baridi mnaijua. Suala la hadubini litarudi kwenye ajenda ya pili.

Zipu zilizobaki anazo katibu. Anayezitaka kwa darasa lake asaini daftari kabla ya chai.

Mwenyekiti