Gereji ziandikiane makubaliano na wanagenzi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Katika gereji za Dar es Salaam, kuanzia Gerezani mpaka Tegeta, kuna lawama moja isiyochoka: vijana wa siku hizi hawataki kazi, wanataka hela. Fundi mkuu analalamika kwamba kila mwanagenzi, yaani kijana anayempokea kujifunza kazi, anaingia mitini kabla ya miezi sita. Kijana naye analalamika kwamba ameosha spana mwaka mzima na hajapewa hata nauli. Wote wawili wanasema kweli. Hawakuwahi kukubaliana chochote siku ya kwanza, na ajira zilivyo haba, kila kijana anayetoka gereji bila ufundi anarudi mtaani kurefusha foleni ya wanaosubiri.

Tuanze na hesabu, maana kijana huipiga kila asubuhi. Anayeishi Mbagala na kujifunza kazi Ilala, tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa nauli ya shilingi 600 kila gari, hiyo ni 2,400. Sahani ya wali na maharage kwa mama ntilie, tuseme 2,500. Hajashika spana, na siku imeshamla 4,900. Mwenzake aliyechukua bodaboda ya hesabu, akiingiza 28,000, akampa mwenye pikipiki 10,000 na mafuta yakala 8,000, anarudi nyumbani na 10,000 mkononi jioni hiyohiyo. Ajali zipo, mvua ipo, na siku ya kukamatwa ipo, lakini hela anaiona. Huyu mwingine anaambiwa "vumilia, utakuwa fundi", na hakuna anayemtajia ni lini.

Wazee wetu husema wao walianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli na hawakuuliza malipo. Tunawaheshimu, ila kumbukumbu hiyo imeacha mambo nyuma. Waliopita katika mfumo wa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974 walijifunza ndani ya viwanda na mashirika, wakipanda kwa majaribio ya ufundi: daraja la tatu, la pili, kisha la kwanza. Kijana alijua yupo wapi na kinachofuata ni nini. Walioingia gereji za mitaani nao, wengi waliishi kwa fundi. Walilala kwake, wakala kwake, na mke wa fundi akawa mama yao wa mjini. Kile chakula na kile kitanda yalikuwa malipo, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi yalibinafsishwa au kufungwa, na mafunzo ya ndani ya kiwanda yakaondoka nayo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo na vyeti, lakini haiwezi kumbeba kila anayetaka ufundi. Mzigo umebaki kwa gereji ya mtaani. Kijana bado anaosha spana kama zamani, ila hakuna wa kumlaza wala wa kumlisha, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kijana asiyelipwa hujilipa mwenyewe. Anatumwa Shaurimoyo kununua brek pedi za 35,000, anarudi na bei ya 45,000. Hicho ndicho cha juu. Mteja akigundua hamsemi kijana, anaisema gereji, na harudi. Au kijana anachukua namba za simu za wateja na kuwafuata nyumbani Jumapili, akafanya kazi asiyoijua vizuri kwa nusu ya bei. Fundi mkuu akiyaona haya anazidi kubana: hamfundishi kazi kubwa, kwa hofu kwamba akijua yote atafungua gereji jirani na kuhama na wateja. Kadiri fundi anavyoficha, kijana naye anazidi kuona hana sababu ya kubaki.

Tunalisisitiza hili la kuficha kwa sababu linaharibu magari ya watu. Chukua kazi ya kubadili gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kinachokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Kijana anaambiwa "kaza hizo bolti", basi. Haambiwi kwamba unaanza na bolti za katikati ukitoka nje kwa zamu, kwamba unakaza kwa awamu na kumalizia kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha injini ile, kwamba uso wa hedi unapimwa kwa rula iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kabla ya kuifunga, na kwamba baadhi ya injini zina bolti zinazovutika, hazirudishwi mara ya pili. Akianzia pembeni, hedi inakaa upande. Baada ya wiki mbili gari linachemsha, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na anayetukanwa ni kijana. Maelezo ya dakika kumi yangeokoa injini nzima.

Vijana nao tuwaambie kinachowahusu. Wapo wanaotaka kufungua injini mwezi wa pili kwa sababu wameangalia video kwenye simu. Video inaonyesha kufungua. Haionyeshi kwa nini gari lile limeharibika. Tena kuna jambo ambalo vizazi hivi viwili vinalikosa kila kimoja kwa upande wake: mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Kijana anaichomeka, inamwandikia P0301, anatangaza kwamba koili ya silinda ya kwanza, ile inayoipa plagi umeme, imekufa na mteja anatumwa dukani. Namba ile inasema tu kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta ya mafuta, waya au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Mzee wa gereji, ambaye pengine haamini hiyo mashine kabisa, anajua cha kufanya: hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, futa makosa, washa, endesha, soma tena. Ikija P0303, yaani kosa limehamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, rudisha koili, fanya hivyohivyo kwa plagi, kisha pima kompresheni. Mmoja anajua kusoma, mwingine anajua kuthibitisha. Gereji yenye wote wawili, wanaozungumza, haimnunulishi mteja kifaa asichokihitaji.

Tunachopendekeza hakihitaji bunge. Ni ukurasa mmoja unaoandikwa siku kijana anapopokelewa.

Kwanza uonyeshe muda. Kwa ufundi wa magari madogo tunaona miezi 24 inatosha, ikiwa kweli anafundishwa. Miezi 3 ya mwanzo ni ya kupimana: majina na vipimo vya spana, kubadili oili na filta, kupandisha gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Hili la stendi lisikosekane, maana jeki hupungua nguvu bila kutoa taarifa, na hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwenye kubadili oili ndipo pia huliwa nyuzi za bolti ya sampo, ile inayoziba beseni la oili chini ya injini. Kijana mwenye nguvu anakaza mpaka alumini inaliwa, kwa hiyo afundishwe kuanza kwa vidole na kubadili washa. Kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 12 ni breki, bushi, shokapu, bering na plagi. Mwezi wa 13 mpaka wa 20 ni klachi, taiming na injini. Miezi 4 ya mwisho ni umeme na mashine ya makosa, pamoja na jambo ambalo gereji nyingi hazilifundishi kamwe: kumpokea mteja, kukadiria bei na kuandika risiti. Fundi asiyejua kukadiria bei hufunga gereji yake ndani ya mwaka hata kama mikono yake ni dhahabu.

Pili, malipo. Miezi 3 ya mwanzo apewe 5,000 kwa siku aliyofika, yaani nauli na chakula tu. Gereji inayotengeneza magari 3 kwa siku kwa ufundi, yaani malipo ya kazi bila spea, wa 30,000 kila moja inaingiza 90,000, na 5,000 haifiki asilimia 6 ya hapo. Baada ya hapo posho ibaki, na juu yake apate fungu la pesa ya ufundi kwa kazi aliyoishika kwa mikono yake: asilimia 10, kisha 20 akifika kwenye injini, kisha 30 katika hatua ya mwisho. Fungu lihesabiwe kwenye ufundi peke yake. Ukiliweka kwenye spea, umekifungulia cha juu mlango wa mbele. Viwango hivi vinaweza kubadilika kwa gereji ndogo ya Singida au kubwa ya Mwanza. Muhimu viandikwe kabla ya kazi kuanza.

Makubaliano mengi ya aina hii huvunjikia kwenye kumbukumbu. Ijumaa fundi anakumbuka magari manne, kijana anakumbuka saba. Kwa hiyo pawe na daftari, lijazwe jioni hiyohiyo: tarehe, namba ya gari, kazi iliyofanyika, pesa ya ufundi, fungu, sahihi mbili. Mteja akikopa, fungu lisubiri mteja alipe, na liandikwe hivyo. Gari likirudi na tatizo lilelile ndani ya siku 14, lirudiwe bure, lakini kijana asikatwe ikiwa fundi mkuu alilikagua na kuliruhusu litoke. Spana iliyovunjika kazini ni ya gereji. Iliyopotea mikononi mwake, achangie nusu. Haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo hasa yanayofanya watu wagombane na kuachana.

Tatu, saa za kazi. Saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, siku sita, hata ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwanagenzi aachwe mapema siku mbili kwa wiki, na hizo ndizo siku za kujifunza nadharia au kuhudhuria kozi ya jioni. Aliye chini ya miaka 18 asiingizwe kwenye kazi za hatari. Kuingia chini ya magari na kuchomelea tunazihesabu humo.

Mwisho wa miezi 24 lile daftari lina kazi ya pili. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini: anapimwa, mapengo yanazibwa kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Kijana anayefika na daftari la miaka miwili anajua tayari amefanya breki ngapi na klachi ngapi, na mapengo yake yanaonekana mapema. Kwa vifaa vya kuanzia, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu la vijana la asilimia 4. Wanagenzi wawili watatu wanaohitimu pamoja watafute wenzao, waunde kikundi na kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla hawajamaliza, maana maandalizi ya kikundi na andiko la mradi huchukua muda.

Na ile hofu ya fundi mkuu kwamba kijana atahama na wateja nayo iandikwe. Anayehitimu abaki gereji hapo miezi 6 kwa asilimia 40 ya ufundi, kama fundi kamili na si mwanagenzi. Akitaka kuondoka baada ya hapo, aage mwezi mmoja kabla, akabidhi magari aliyoyashika na kumwonyesha mwanagenzi mpya yalipofikia. Ukurasa huo utolewe nakala 3: ya fundi, ya kijana, na moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa ikiwa na mhuri, ili wakikorofishana pawe na mtu wa tatu wa kuisoma.

Wakufunzi wa ufundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam