Utumwa usio na pingu

Mhariri,

Kila riwaya ya utumwa inapotajwa kwenye mjadala wa vitabu vya shule, hutokea mtu wa heshima akasema tuiache, tusifukue makaburi. Naomba nafasi nipinge.

Wengi tumelelewa na picha moja: pingu, mijeledi, soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873, kisha Mwingereza na ukombozi wake. James Mbotela alituandikia Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, naye alikuwa mwana wa mateka aliyekombolewa. Ni hazina, nami nataka isomwe. Lakini imejaa shukrani kwa Waingereza, na utumwa humo ni jambo lililokwisha.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, hakuliacha liishe kirahisi hivyo. Katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya Kiingereza ya 1994, Paradise, Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa gari moshi na tajiri Aziz, mtu mpole, anukiaye vizuri, aliyezoea kumpa sarafu. Mtoto anadhani anakwenda kukaa kwa ami yake. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemfumbua macho: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, nawe umewekwa rehani. Pingu hazipo. Kinachomfunga ni deni, adabu na hofu ya kumvunjia mkubwa heshima. Halafu yupo Mzee Hamdani, mtunza bustani. Bibi aliyemmiliki alipotaka kumpa uhuru, mzee aliukataa. Nani alimwambia, auliza, kwamba uhuru ni wake kuutoa? Sijui swali zito kuliko hilo katika fasihi yetu ya utumwa.

Wanaohofia kwamba watoto watachukiana kwa asili zao wamwangalie Khalil: naye ni rehani, naye ni Mwarabu.

Sheria iliufuta utumwa Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Hadi leo posa hurudishwa kimyakimya kwa sababu ya babu wa mtu. Hadi leo binti huletwa mjini kutoka kijijini, akaitwa “mwanetu”, akalala jikoni, na mshahara ukapokewa na baba yake. Wanafunzi wangu wanapoisoma Peponi, hawaulizi kuhusu Waarabu wala Wazungu wa zamani. Wanauliza kuhusu dada wa kazi aliyeko nyumbani kwao, na kwa nini haendi shule.

Nawaomba wanaopanga orodha za vitabu waviweke pamoja, cha Mbotela na cha Gurnah, visomwe vizima bila kurukwa kurasa.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mombasa