Barua ya wazi kwa Seneta wa Iowa: Muulizeni Mzee kila Julai

Mheshimiwa Seneta,

Nakuandikia kutoka Cedar Rapids. Nilizaliwa Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na leo ni raia wa Marekani na mpiga kura wako. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Binti yangu atakutafsiria. Kabla haijakufikia wewe nataka isomwe na ndugu zangu wa hapa Iowa wanaofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee, maana wao ndio wanaoiona mikono ya wazee hao kila siku, na habari yangu ni ya mkono wa mkulima mzee aliyepigana Vietnam, akachelewa kuomba fidia ya ugonjwa wake.

Mzee ninayemsemea ana miaka 77. Jina lake silitaji, hajaniruhusu. Mimi namwita Mzee tu. Siku aliponiuliza maana yake nikamweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema niendelee kumwita hivyo. Tulijuana kwa sababu ya dhoruba ya tarehe 10 Agosti 2020, ambayo upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Tulikwenda watu kadhaa wa kanisani kumsaidia kuokota mabati ya ghala lake la nafaka, yaliyotapakaa katikati ya mahindi yaliyolala chini kama mkeka. Tangu mwaka huo, kila mavuno namwendeshea trekta linalopokea nafaka, yeye akiwa juu ya kombaini.

Mzee ana daftari la mvua. Kila mvua ikinyesha huandika tarehe na inchi, na amefanya hivyo tangu 1971, mwaka alioanza kulima kwa jina lake. Majira fulani ya baridi alinipa kazi ya kumsomea kurasa za zamani, alitaka kulinganisha miaka ya ukame. Maandishi ya 1988 ni makubwa, ya mtu mwenye haraka na afya. Nikasonga mbele. Kuanzia kama 2014 herufi zinaanza kupungua. Kufika 2019 zimekuwa ndogo kama punje za mtama, na zinazidi kusinyaa kadiri mstari unavyoelekea mwisho. Nikamtazama mkono. Kikombe chake cha kahawa hujazwa nusu, na nilikuwa nimeliona hilo miaka yote nikidhani hapendi kahawa nyingi.

Mke wangu ni mhudumu wa wagonjwa. Nilimweleza habari ya daftari jioni ile ile, akasema neno moja: Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kusinyaza maandishi. Daktari mmoja, miaka ya nyuma, alikuwa amemwambia Mzee kuwa ni uzee.

Mheshimiwa, Mzee alichukuliwa jeshini kwa lazima mwaka 1968, akakaa Vietnam miezi 12. Habari za vita hazisimulii, na mimi niliyekimbia vita nikiwa mtoto simchokonoi. Jambo moja aliwahi kulisema tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha ghala: misitu iliyopukutika majani msimu ambao haikupasa kupukutika. Dawa iliyoipukutisha, Agent Orange, ilikuja kwenye mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, na ilichanganywa kwa viuagugu viwili, 2,4-D na 2,4,5-T. Hiyo ya pili ndiyo iliyobeba sumu ya dioksini. Mzee aliporudi nyumbani aliikuta 2,4-D kwenye kibanda cha dawa cha baba yake, maana wakulima wa mahindi walikuwa wakiitumia, na bado inatumika. Kwake yeye yalikuwa madawa ya magugu kama mengine. Hakuona cha kuuliza.

Sheria ilikuwa tayari upande wake. Tangu 2010 ugonjwa wa Parkinson umo kwenye orodha ya serikali ya maradhi yanayohusishwa na dawa hiyo, ambayo askari aliyekanyaga Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975 hatakiwi kuthibitisha aliyapataje. Anachotakiwa ni kuomba. Na malipo ya fidia, kwa kawaida, huhesabiwa tangu ombi lipokelewe, siyo tangu mkono uanze kutetemeka. Mzee aliomba 2023. Miaka tisa ya herufi zinazopungua ilikwishapita.

Kwa nini hakuomba? Nimelifikiria sana. Mwaka 1979 alikopa akanunua ekari 80 za jirani. Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kuuzwa Urusi ya wakati ule, riba ikapaa, na kati ya 1981 na 1986 bei ya ardhi ya Iowa ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 60. Zile ekari 80 zilirudi benki. Anasema aliyemtembelea mwaka ule ni mchungaji tu. Mtu aliyevuka hayo peke yake hajifunzi tena kubisha hodi kwenye ofisi. Nilipomtajia malipo haya, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba wapo waliorudi bila miguu, wapewe wao.

Najua sheria ya kilimo ina kipengele kinachomtambua mkulima aliyekuwa askari. Lakini kinamtaka awe hajazidi miaka 10 kwenye kilimo, au awe amemaliza jeshi ndani ya miaka 10 iliyopita. Kimetungwa kumwinua anayeanza, nami sikipingi. Mzee ana zaidi ya miaka 50 shambani.

Ombi langu ni hili. Ifikapo 15 Julai kila mwaka wakulima wa mahindi na soya huku kwetu hupeleka hesabu ya ekari walizopanda kwenye ofisi ya kilimo ya kaunti. Mzee hajawahi kukosa. Hana intaneti nyumbani, barua za serikali hukaa kwenye droo, lakini siku hiyo huvaa shati safi akaenda. Basi pale dirishani aulizwe: ulitumikia wapi, mwaka gani? Na kama swali la jeshi limo kwenye fomu, jibu lisilale kwenye fomu. Kila kaunti kati ya 99 za Iowa ina tume yake ya askari wastaafu. Jina lipelekwe huko siku hiyo hiyo, na afisa wa tume apewe mafuta ya gari na muda wa kwenda hadi shambani, akae mezani, aitazame mikono. Tungeni hilo kwenye sheria ya kilimo, litengeeni fedha.

Nanyi ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee: mkiona kikombe kinajazwa nusu, mwulizeni huyo mzee alikuwa wapi mwaka 1968.

Mheshimiwa, mwezi wa kumi tutakuwa tunavuna. Mwaka huu Mzee amekubali mimi nishike kombaini na yeye akae kiti cha pembeni. Daftari bado analiandika mwenyewe. Ukija atakuonyesha.

Wako,
Mkazi wa Cedar Rapids, Iowa