Kwa vijana wa Dar mnaoishia sura ya tatu

Wanangu, marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana nikiwasubiri mtaanza kunisimulia riwaya zenu hapa barazani Magomeni, na wiki hii nimeshasikiliza tatu. Zote tamu. Zote zimekatikia sura ya tatu.

Mnasema hamna muda. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea kuajiriwa serikalini. Aliandika huku asubuhi anasubiriwa kazini. Kweli, foleni ya Ubungo hakuijua. Lakini ukurasa mmoja kabla ya kulala haujamshinda mtu.

Ila muda si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kurudi nyuma. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu aya yake ya kwanza, ameiandika mara kumi na moja. Kwanza mvua inanyesha Jangwani. Mara ni manyunyu. Mara "mbingu zikalia". Ile mvua ya kwanza ndiyo ilikuwa mvua! Mhusika wake hadi leo amesimama kituoni, kalowa, hajui aendako. Mpandishe gari, mwanangu. Chapati ya kwanza ni ya kupimia moto; utairudia sufuria ikishakolea.

Na mazungumzo yenu, mniwie radhi. Mtu kazaliwa Tandale, akishtuka anasema "Oh, Mungu wangu!" kama tamthilia iliyotiwa sauti. Pandeni daladala ya Mbagala, simu mfukoni, msikilize. Juzi konda anatuambia, "Waliosimama sogeeni, huko nyuma kweupe." Mama mwenye ndoo ya samaki akamjibu, "Kweupe kwako unayening'inia mlangoni." Basi. Hakuna aliyeniambia konda ni mwongo wala kwamba mama hatishiki, na nimeshuka nawajua wote wawili.

Jambo jingine la haraka: wekeni nakala. Mwaka 1983 nilimkabidhi mchapishaji mmoja muswada wangu, kaunta buku mbili, mwandiko wa mkono, nakala hakuna. Niliporudi baada ya miezi sita, mlango una kufuli na jirani hajui walikohamia. Nilikaa miaka minne sishiki kalamu. Upumbavu ule ulikuwa wangu, ile miaka minne hasa. Ninyi mnajitumia barua pepe, imekwisha.

Mnaniuliza pia kuhusu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Shindaneni, kwa nini msishindane? Lakini majaji wanasoma muswada, hawasomi wazo.

Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani, kahawa juu yangu. Atakayekuja aje na sura ya mwisho, hata kama ni mbovu. Za kwanza nimeshazisikia.

Mzee wenu,
Magomeni