Mfumo hauendeshwi kwa grupu la WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana wasomaji wengi wanalalamika kwamba wakifika dirishani wanaambiwa mfumo unasumbua, rudi kesho. Nawaelewa kabisa na mimi hunikuta. Ila hiyo mifumo ndio kazi yangu, natengeneza na wenzangu hapa Dar, na kuna kitu mtu wa kwenye foleni hawezi kukiona: mara nyingi mfumo huanza kusumbua miezi mingi kabla haujawashwa, unaanza siku ile bosi anafungua grupu la WhatsApp, analipachika jina la mradi, halafu anaamini mradi tayari una usimamizi.

Humo ndani kuna madevelopa, yaani sisi watengeneza programu, kuna mteja, kuna mhasibu, kuna na shemeji wa bosi ambaye hadi leo sijui kazi yake ni ipi. Asubuhi mteja anatuma voisi ya dakika sita yuko kwenye foleni ya Ubungo, anataka risiti ibadilishwe, ndani ya voisi hiyo hiyo kuna jambo la pili la ripoti ya mwezi na la tatu ambalo honi za bodaboda zimelimeza. Watu wanaweka dole gumba. Sasa nani kaichukua hiyo kazi? Hamna. Mchana inaingia taarifa ya msiba, jioni keki ya bethidei, ile voisi imeshapotelea juu huko, na wiki tatu baadaye mteja anawaka kwamba alishasema na kweli alisema.

Asiyejua mambo ya programu afikirie orodha ya michango kwenye grupu la kamati ya harusi. Mtu anakopi orodha, anaongeza jina lake na kiasi, anapesti. Wawili wakipesti kwa wakati mmoja, mmoja kafutika, na mweka hazina anabaki na orodha mbili hajui ya kweli ni ipi. Madevelopa wanaotumiana mafaili ya zipu yenye majina kama mfumo_final2_sasa_ndio wako hapo hapo, na dawa ipo tangu 2005, pale Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, alipotengeneza Git, programu ya kutunza na kuunganisha kazi za madevelopa wengi, baada ya watu wa Linux kukosa leseni ya bure ya BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo waliyokuwa wakiitumia. Git inampa kila mtu nakala yake, anafanya kazi kwenye tawi lake, yaani pembeni bila kugusa ya wenzake, anaporudisha kazi kama watu wawili wamegusa mstari mmoja Git inagoma kuchagua yenyewe, inaonyesha vyote viwili watu waamue. Na kila badiliko limeandikwa nani kafanya, lini, na kama ana adabu na sababu pia. Bei? GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git, tangu Aprili 2020 inaruhusu timu kuhifadhi kazi yake kwa siri bila malipo, watu idadi yoyote. Kwahiyo tusisingizie hela.

Kuna watakaosema nakuza mambo, grupu ni grupu tu, watu wazima wanaelewana. Haya, tuangalie yaliyowakuta wenzetu wenye hela. Agosti 1, 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, inayouza na kununua hisa kwa kompyuta, ilikuwa imeweka programu mpya kwenye sava zake, zile kompyuta kuu zinazoendesha kazi. Sava zilikuwa 8, fundi akaweka kwenye 7. Hakukuwa na fundi wa pili wa kupitia, wala kampuni haikuwa na utaratibu wa maandishi unaomtaka mtu wa pili apitie. Soko lilipofunguliwa ile sava iliyosahaulika ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa imelala humo miaka, ikaanza kumwaga oda sokoni, na ndani ya dakika 45 hasara ikapita dola milioni 400. Lakini sio hapo ninapopataka. SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji kule, walipochunguza walikuta asubuhi ile kabla soko halijafunguliwa mfumo wenyewe ulishatuma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi zikitaja hitilafu inayohusika. Tisini na saba! Zilikuwa zinaenda kwa kundi, hazikupangwa kuwa tahadhari, na hamna mtu aliyezifanyia kazi. Sasa niambieni hilo lina tofauti gani na grupu letu la dole gumba.

Ninachotaka mimi wala sio kikubwa. Kila kazi iandikwe sehemu moja, iwe na jina la mtu mmoja, sio "timu", sio "vijana", jina. Iwe ndogo kiasi kwamba inaisha ndani ya siku chache. Na isiingie kwenye mfumo unaotumika mpaka mwingine ameisoma. Unaweza kutumia programu za kupangia kazi kama Jira, unaweza kutumia Trello, unaweza kubandika karatasi ukutani, mimi nimeshaona timu ya karatasi ukutani ikiwashinda wenye Jira ya kulipia maana kwenye hiyo Jira tiketi 40, yaani kazi 40, zote zimeandikwa "inaendelea" na watu wenyewe wako wanne. Hapo ndipo wengi tunapoachwa. Tunakopi bodi yenye safu tatu, ya kufanya, inaendelea, imekwisha, tunaacha lile la muhimu zaidi, kwamba safu ya katikati ina kikomo. Toyota walipotumia kadi za kanban kiwandani, huko bodi hii ilikotoka, kadi ndizo zilizowazuia watu kutengeneza vitu kuliko vinavyohitajika. Kama kikomo ni kazi tatu basi ya nne inasubiri, hata kama aliyeileta ni bosi mwenyewe. Hasa kama ni bosi mwenyewe.

Na ile mikutano ya asubuhi jamani. Scrum, utaratibu maarufu wa timu za programu kupangia kazi, inasema dakika 15, wafanyakazi wanapangana wenyewe siku yao. Huku kwetu nimekaa kwenye ya saa nzima na nusu, watu wanatoa taarifa kwa mkubwa mmoja mmoja, wakimaliza wamechoka na chai imepoa.

Halafu mradi ukichelewa, mabosi wote dawa yao moja, ongeza watu. Fred Brooks aliyesimamia pale IBM mradi mkubwa wa OS/360, programu ya kuendeshea kompyuta zao, aliandika tangu 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, na hesabu yake hata mtoto wa sekondari anaiweza: watu 5 wana njia 10 za kuongea wawili wawili, watu 10 wana njia 45. Wale wapya lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliochelewa. Taasisi moja niliyofanya nayo kazi ilituletea vijana sita wiki mbili kabla ya uzinduzi, wazuri kabisa, tukatumia hizo wiki mbili kuwaelekeza nywila ziko wapi. Dawa iliyokuwepo ni kupunguza mambo ya kuzindua, lakini hilo nani alisikie, kadi za mwaliko zilishachapwa.

Ombi langu, Mhariri, liwafikie wanaoagiza mifumo, wa serikali na wa binafsi, kwa sababu madevelopa tukiongea tunaonekana wavivu. Mkiandika mkataba msiishie kwenye tarehe ya kukabidhi na bei. Andikeni kwamba kuanzia wiki ya kwanza mteja anafunguliwa bodi ya kazi aione, na hazina ya Git, pale kazi yote inapohifadhiwa, iwe kwa jina la mteja na sio la mkandarasi. Mteja naye achague mtu wake mmoja wa kuleta maombi, kwa maandishi kwenye bodi, voisi zihesabike kama salamu tu. Na siku ya kulipa awamu msiombe pawapointi, ombeni kazi tano zilizofungwa mwezi huo mzijaribu wenyewe palepale, kama hazifanyi kazi hela isitoke.

Wako msomaji,
Mtengeneza mifumo,
Sinza, Dar es Salaam