Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka wetu wa kuangalia viumbe Kigamboni

Ndugu wanachama, salaam. Mambo ya ada na matumizi mweka hazina atawasomea mwenyewe siku ya mkutano, mimi naomba niongelee viumbe wanaokuja na kuondoka hapa hapa tulipo.

Kasa ndo wamechukua mwaka wangu. Masika yakishika kasa wa kijani wanapanda ufukweni usiku kutaga, jike mmoja anafukia mayai mia na zaidi kwenye shimo moja halafu anarudi zake baharini, baada ya kama miezi miwili ndo watoto wanatoka. Wanatoka usiku na wanafuata kunakong'aa, zamani kilichong'aa usiku ni bahari tu, siku hizi kuna taa za nyumba na mahoteli, basi wanageuka wanaelekea bara, asubuhi jua linawakausha au kunguru wanawadonoa. Siku moja alfajiri nilifuata alama zao ndogo ndogo zikanifikisha barabarani, jamani iliniuma sana. Kwahiyo mnaokaa karibu na bichi nawaomba, taa ya nje inayotazama bahari izimwe usiku, au angalau shusheni pazia. Na ukiona shimo la kasa usifukue wala kuhamisha mayai kwa huruma, joto la mchanga ndo linaamua, ukiwa wa moto wanatoka majike, ukipoa madume.

Kipindi cha kusi nyangumi wenye nundu wanapita, wanatoka kule kwenye barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi. Wavuvi ndo wanawaona kwanza, tukae nao tuwaulize.

Mbayuwayu wanaotoka Ulaya wanafika kuanzia mwezi wa tisa, wanajipanga kwenye nyaya za umeme, ikifika mwezi wa nne wanaondoka. Hapa tumekosea wote na mimi nikiwemo, wengi mliniambia mmewaona ila hakuna aliyeandika tarehe. Bila tarehe mwakani hatuwezi kujua kama wamewahi au wamechelewa! Daftari la mtoto linatosha, andika siku, mtaa, ulichoona.

Anzeni na kumbikumbi, hawa hamhitaji hata kutoka nyumbani kuwaona. Bibi yangu alikuwa anaweka beseni la maji chini ya taa mvua ikikata, wanadondokea humo, asubuhi tunawakaanga. Ile ni harusi yao, wanaruka mara moja tu, wanapukutisha mabawa, jike na dume wanafuatana wanachimba nyumba mpya, na wengi wanaishia kwa kuku na mijusi kabla hawajafika popote.

Zamu za kutembea ufukweni zinaanza mwezi wa tatu. Tochi iwe ya mwanga mwekundu, au funga karatasi nyekundu mbele, nyeupe inamfukuza kasa kabla hajataga. Ambao hawajaandikisha majina wanione baada ya mkutano.