Barua kwa mwanangu: Ile kilti niliyoikataa

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka Kibokoni, Mombasa. Sisi hatujambo, babako anakusalimu, na kikohozi alichorudi nacho kutoka kule baridini kimetulia. Haya ninayokuandikia sikuweza kuyasema kwa simu. Kila nikianza, machozi hunitangulia.

Nataka unisamehe, babangu. Uliponiambia utavaa kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, siku ya arusi yenu Inverness, nilikujibu kwamba sikukuzaa uvae sketi mbele ya watu. Ulinyamaza. Kunyamaza kwako ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Asubuhi ile mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, nikasimama nje nikitazama. Bavyaa wako alikuwa akikuvisha mwenyewe. Alikuzungushia kitambaa, akayalaza marinda ya nyuma moja moja kwa kiganja, akakaza vishikizo vya ngozi kiunoni, kisha akakwambia upige magoti. Akainama kuangalia kama upindo unagusa zulia. Ulikuwa unagusa. Ndipo akachomeka ile pini kubwa kwenye pande la juu peke yake, la chini akaliacha huru, ili nguo icheze unapotembea. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Nikamkumbuka marehemu babu yako akimfunga babako kilemba siku ya nikaha yetu. Alitetemeka vivyo hivyo.

Kilti hiyo hiyo nikaja kuishika usiku, ulipokwisha kuivua. Yadi 8 za sufu! Ni karibu leso tano zimekunjwa zikaingia katika kiuno cha mtu mmoja. Na ile mistari haikutupwa ovyo. Mkaza mwanangu alinionyesha jinsi kila rangi inavyohesabiwa nyuzi zake, na kwamba serikali yao ina daftari maalumu la kuandikisha michoro hiyo. Leso yetu ina jina lake chini, ukiivaa unajua unasema nini. Kumbe na wao kitambaa chao kina maneno, ila wameyaandika kwa nyuzi.

Kesho yake mkwe mwenzangu alitupeleka Culloden, si mbali na mjini. Uwanja mtupu, upepo na mawe yenye majina ya koo. Hapo ndipo jamaa zao waliposhindwa vitani mwezi wa Aprili 1746. Kisha ikaja sheria: kuanzia Agosti 1747 mwanamume kule Uskoti akionekana na kilti, kifungo miezi 6, akirudia, anasafirishwa ng'ambo miaka 7. Wanajeshi wa mfalme tu ndio walioruhusiwa. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Mwanangu, nilisimama pale nikaona haya. Watu walifungwa kwa nguo hii, nami nimeiita sketi.

Na ile ngoma! Ceilidh, wenyewe hutamka keili. Nilidhani nitakaa kitini nitazame. Lakini nikasikia fidla na akodiani, vyombo vya taarabu yetu, na miguu ikaanza kuniwasha. Yule bwana wa maikrofoni akatangaza watu wajipange watatu watatu, kila watatu wakabiliane na wengine watatu. Wasichana wawili, binamu za mkeo, wakanishika mikono, mmoja huku mmoja huku. Tukazunguka duara hesabu nane kushoto, nane kulia, kisha wale wa mbele yetu wakainua mikono nasi tukapita chini yake, tukakutana na watatu wengine wapya. Mpaka ngoma inakwisha nilikuwa nimeshikana mikono na nusu ya ukumbi. Hakuna aliyeniuliza kama najua. Nikikosea, ananigeuza mtu kwa mabega, twaendelea.

Ile ya safu mbili ndiyo iliyonitia hofu, mkeo alipokuwa akirushwa kwa kila mwanamume wa safu yenu. Kisha nikaona: akimzunguka mmoja hurudi kwako, akimzunguka mwingine hurudi kwako, na kila akirudi mkono wako uko tayari. Nilikaa nikalia, na babako akadhani nimeteguka mguu.

Kuna jambo sikukwambia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akituhadithia beni za Mombasa ya utoto wake, vyama vikishindana barabarani kwa tarumbeta na gwaride. Kulikuwa na Kingi, na kulikuwa na Scotchi. Scotchi jina na mavazi yao waliyachukua kwa askari wa Kiskoti. Vijana wa Mombasa, mwanangu, ndani ya marinda, na wanawake wakiwapigia vigelegele! Nilikuwa nimeisahau hadithi hiyo. Ilinirudia kwenye ndege, tumeshaondoka, nisiweze kukwambia.

Basi mtakapokuja Disemba, usiiwache kilti hiyo huko. Nataka uivae siku ya kuwapokea. Shangazi zako wameshazitoa pembe za vugo, wanazipiga kila Alhamisi baada ya magharibi, na jirani amekuja kuuliza ni arusi ya nani tena.

Na nitumie kipimo cha kichwa cha bavyaa wako. Kizungushie uzi juu ya masikio, ukate, unitilie ndani ya bahasha. Nataka kumshonea kofia ya viua kwa mkono wangu. Kazi yake ni ya miezi, na macho yangu si yale ya zamani, kwa hivyo uzi huo uupeleke posta wiki hii.

Mamako